Mlango wa Mbele: Mninga, Chuma na Kitasa cha Kielektroniki

Swali: Ninajenga Kigamboni na nimefikia hatua ya milango. Seremala wangu anasisitiza mninga, lakini dukani nimeonyeshwa mlango wa chuma wa Kichina ambao tayari una kitasa cha alama ya kidole. Nichukue upi?

Jibu: Weka kitasa kando kwanza, kwa sababu mwizi hana haja ya kukisia namba yako ya siri ikiwa anaweza kupenyeza mtaimbo kati ya mlango na fremu. Kinachomzuia ni fremu iliyoshikwa vizuri ukutani na ulimi wa kitasa unaozama humo kwa kina cha kutosha. Mninga unastahili sifa zake: mchwa hawaushambulii kwa urahisi, na ukishakauka hautanuki wala kusinyaa sana majira yanapobadilika. Tatizo limo katika neno hilo, ukishakauka. Mlango uliochongwa kwa mbao mbichi husinyaa na kupinda, hadi ulimi wa kitasa usikutane tena na tundu lake. Kwa kitasa cha kawaida utauinua mlango kidogo, utausukuma kwa goti, na maisha yataendelea; lakini kitasa cha kielektroniki kina mota ndogo, ambayo itasukuma, itashindwa, itarudia, na kwa mtindo huo itamaliza betri mapema. Kwa hiyo muulize seremala mbao zimekaushwa wapi na kwa muda gani, wala usiridhike na jibu la “hizi ni kavu, bosi”.

Mlango wa chuma nao ugonge kwa kifundo cha kidole. Ukilia kama debe, huenda ni bati jembamba lililojazwa karatasi iliyokunjwa mfano wa sega la nyuki, na kitasa cha bei kubwa hakitaubadilisha. Kumbuka pia kwamba upepo wa baharini huleta chumvi, na kutu huanzia pale rangi ilipochubuka, hasa kuzunguka matundu ya kitasa. Kwa vifaa vya nje, chuma cha pua cha daraja la 316 huvumilia chumvi kuliko cha 304. Mimi ningechukua mninga mkavu, almradi kuna kibaraza cha kuukinga na mvua, kisha ningepima unene wa mlango kabla ya kununua kitasa, maana kila kitasa kina kipimo chake cha chini na cha juu.

Swali: Umeme ukikatika nitafungiwa nje?

Jibu: Inategemea aina. Vitasa vingi vya mlangoni hutumia betri ndogo, mara nyingi nne, na havina habari na LUKU. Tumia betri za alkalaini zenye volti 1.5 badala ya zile za kuchaji zenye volti 1.2, ambazo zinaweza kukifanya kitasa kikosee kukadiria chaji iliyobaki. Chagua chenye tundu la ufunguo wa kawaida, au sehemu ya nje ya kukipa umeme wa dharura, na ufunguo wa akiba usiuache ndani ya nyumba hiyohiyo. Kufuli la sumaku, ambalo watu huliweka kwenye mageti, ni jambo tofauti kabisa: hushika pale tu umeme unapopita, hivyo bila betri ya akiba geti huwa wazi TANESCO wanapokata. Upande wa ndani, kitasa chochote lazima kifunguke kwa mkono bila namba wala ufunguo. Nyumba nyingi zina geti la nondo lenye kufuli mbele ya mlango, na usiku wa moto hakuna anayekumbuka funguo ziko wapi.

Swali: Mama yangu amelima maisha yake yote na kitasa hakisomi vidole vyake. Turudishiwe fedha?

Jibu: Huenda kitasa si kibovu. Ngozi iliyosuguliwa na jembe, saruji au sabuni hupoteza mistari inayosomwa. Sajili vidole viwili vitatu tofauti, kila kimoja mara kadhaa, na vikikataa mpatie mama kadi ya kugusisha, ambayo anaweza kuifunga kwenye kanga kama anavyofunga fedha zake.

Swali: Je, kuna maana ya kulipia kile kinachofunguliwa kwa simu kupitia intaneti?

Jibu: Kwa nyumba ya kupangisha wageni wa siku chache, ndiyo, kwa sababu utampa kila mgeni namba yake na kuifuta akiondoka. Kwa familia inayoishi pamoja, sioni faida inayolingana na bei.

Swali: Nyumba yetu ya urithi iko Mji Mkongwe, Zanzibar, na ina mlango wa kale wa nakshi. Naweza kuutoboa niweke kitasa cha namba?

Jibu: Usiutoboe. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mabadiliko ya majengo yake yana mamlaka yanayoyasimamia, ambayo unapaswa kuyaendea kabla ya kumwita fundi. Isitoshe, mlango wa mbawa mbili zinazokutana kwenye mfaa, yaani ubao wa katikati, haukubuniwa kwa kitasa cha kisasa. Ukichimba hapo unadhoofisha mbao na unaharibu nakshi kwa pamoja. Uache ufungwe kwa komeo na mnyororo wake, kisha weka kitasa cha namba kwenye mlango wa kawaida wa ndani, baada ya ukumbi wa kuingilia.