Maneno Unayoyajua kwa Macho Tu

Nasoma magazeti ya Kiingereza bila shida, lakini habari zikisomwa redioni naambulia maneno mawili matatu. Kwa nini?

Yaelekea maneno hayo unayajua kwa macho, bali sikio lako halijayazoea. Msomaji wa Kiswahili hutamka kila irabu aionayo na huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali Kiingereza hakimpi uhakika huo. Neno “comfortable” lina herufi 11, lakini wengi hulitamka kwa silabi tatu tu, mkazo ukiwa mwanzoni, hivi kwamba aliyejifunza kulisoma silabi kwa silabi hulisikia kama neno geni. Maneno madogo nayo humezwa: “what do you want” hufika masikioni kama “wodyawont”, na wakati ungali unatafuta neno moja linakoishia na jingine linakoanzia, msomaji wa habari amekwisha kuingia sentensi nyingine.

Je, nahitaji kujua maneno mangapi ili nielewe?

Pengine machache kuliko unavyohofia. Watafiti huhesabu familia za maneno, yaani neno pamoja na minyambuliko yake. Mwaka 2006, Paul Nation alikadiria kwamba familia 8,000 hadi 9,000 zahitajika ili kutambua asilimia 98 ya maneno katika maandishi, na 6,000 hadi 7,000 katika mazungumzo. Hilde van Zeeland na Norbert Schmitt, mwaka 2013, walionyesha kuwa kwa masimulizi yasiyo rasmi asilimia 95 yaweza kutosha, nayo hufikiwa kwa familia 2,000 hadi 3,000. Mimi ningeanza na hizo, zote kwa sikio.

Filamu zenye maandishi chini ya picha zinafaa?

Zinafaa, hasa maandishi yakiwa ya Kiingereza. Yakiwa ya lugha nyingine, ni rahisi jicho kusoma na sikio kulala.

Nifanye zoezi gani?

Imla, ingawa wengi huidharau kama zoezi la watoto. Sikiliza dakika moja ya mazungumzo, andika ulichosikia, kisha linganisha na maandishi yake. Tenganisha maneno usiyoyajua kabisa na yale unayoyajua lakini hukuyatambua. Aliyeandika “an ice man” mahali pa “a nice man” anayajua maneno yote hayo, kwa hiyo kamusi haitamsaidia. Airudie sauti hiyo, naye aitamke vilevile, hadi aisikie “nice” bila kuitafuta.