Mwalimu Mstaafu Anajibu: Ngome Isiyo na Ukuta

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwezi ujao nakwenda El Paso, Texas, kwa shemeji yangu, naye amepanga kutupeleka kuona ngome ya zamani ya jeshi, Fort Davis. Nimetazama picha: hakuna ukuta, hakuna minara, ni nyumba tu zimejipanga chini ya majabali. Kuna cha kuona kweli, au nimwombe atupeleke kwingine?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nendeni. Na huo ukuta usiouona ndilo somo lenyewe la kwanza. Ngome nyingi za jeshi la Marekani huko magharibi hazikuwa na ukuta. Ule wa magogo yaliyochongwa ncha tumeuzoea zaidi kwenye sinema. Waapache, wenyeji wa asili wa nchi ile, hawakuwa wajinga wa kuja kujipanga mbele ya bunduki za kambi nzima. Walivizia misafara na magari ya barua njiani. Kwa hiyo Fort Davis, iliyoanzishwa 1854, ilikuwa kituo cha kutoa askari wa kulinda barabara ya San Antonio kwenda El Paso, na kuwaandama watu ambao, tusijisahaulishe, nchi ile ilikuwa yao.

Jina lilitoka kwa Jefferson Davis, waziri wa vita wa wakati huo. Miaka michache baadaye huyohuyo akawa rais wa majimbo ya kusini yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Sasa sikiliza kilichofuata: vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, waliotumwa kuifungua upya ngome yenye jina lake, mwaka 1867, walikuwa askari weusi wa Kikosi cha 9 cha wapanda farasi, wengi wao watumwa wa juzi tu. Mshahara dola 13 kwa mwezi. Historia nayo ina utani wake.

Mkifika, ingieni kwanza kwenye bweni la askari lililokarabatiwa. Vitanda vimepangwa safu mbili, kila kimoja na sanduku lake miguuni, na hakuna mahali pa mtu kuwa peke yake. Kisha simameni mlangoni, mtazame ng'ambo ya uwanja wa gwaride: ile safu ya nyumba zenye baraza ni ya maofisa. Karibu wote waliokaa kule walikuwa weupe. Umbali ni wa kutembea dakika chache, lakini mwaka 1880 alihamia hapo Luteni Henry O. Flipper, aliyezaliwa mtumwa Georgia na kuwa Mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point, 1877, na akaona jinsi umbali ule ulivyokuwa mrefu.

Flipper alikabidhiwa ugavi wa chakula pamoja na fedha zake. Mwaka 1881 hesabu ikapungua. Kwa hofu akalificha jambo hilo kwa mkuu wake, Kanali William Shafter, na hapo ndipo alipojiweka pabaya. Marafiki walichanga wakafidia pengo, lakini kesi ikaendelea. Mahakama ya kijeshi ilikaa kuanzia Septemba hadi Desemba, ikamwona hana hatia ya wizi, ila ikamtia hatiani kwa mwenendo usiofaa ofisa. Akafukuzwa jeshini 1882. Jeshi lilimsafishia kumbukumbu 1976, na Rais Clinton akamsamehe 1999, mwenyewe akiwa amefariki tangu 1940. Ulizieni kanisa la kambi, ambako kesi ilisikilizwa. Utakuta msingi tu wa jengo, na wageni wengi hupapita bila kugeuza shingo.

Jambo jingine la kuuliza ni maji. Mwaka 1880 Kanali Benjamin Grierson alichoka kumfukuza kiongozi wa Waapache, Victorio, katika jangwa ambalo Victorio alilijua kuliko ramani yoyote. Akaweka askari kwenye visima na chemchemi, akangoja. Victorio alizuiwa Tinaja de las Palmas, kisha Rattlesnake Springs, akarudi Mexico, na Oktoba mwaka huohuo akauawa huko na askari wa Mexico. Wanaosifu mbinu hiyo hawasemi sana kwamba watu wake walikuwamo wanawake na watoto wenye kiu.

Mtasikia pia vipaza sauti vikirusha tarumbeta na amri za gwaride la mwaka 1875. Wengine hufurahia. Mimi niliona uwanja mtupu ungejitosheleza.

Kuhusu safari: ni zaidi ya kilomita 300 kutoka El Paso, na saa za Fort Davis ziko mbele kwa saa moja, kwa hiyo ondokeni alfajiri msije mkakuta wanafunga. Nyuma ya majengo kuna njia ya kupanda mlimani. Ukiwa juu unaona kambi nzima, hata misingi ya nyumba zilizobomoka ambayo ukiwa chini huielewi. Jua la mita 1,500 juu ya usawa wa bahari huunguza hata kukiwa na upepo, basi bebeni maji, na mvae viatu vya kufunga. Kandambili ziacheni kwa shemeji.