Maswali ya Wasomaji: Hesabu za Shule Si Siri ya Ofisi

Tangu muhula uanze, barua zinazohusu shule za umma za hapa Mombasa zimezidi barua za mambo mengine yote, na karibu zote zinauliza neno moja kwa sura tofauti: nani anaamua, pesa zinakwenda wapi, na mbona mtoto hasomi. Nimechagua nne.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wawili katika shule ya msingi ya umma huku Likoni, mmoja gredi ya 3 na mwingine gredi ya 8. Muhula huu kila mzazi ameambiwa atoe shilingi 500 za masomo ya ziada na 300 za mlinzi. Sikuweza, na yule mdogo akarudishwa nyumbani siku mbili. Nilipoomba kuona hesabu, nikaambiwa hizo ni za ofisi. Shule ina wanafunzi 620 wa gredi ya 1 hadi ya 6, na 210 wa sekondari msingi. Nina haki gani? — Mama wa wawili, Likoni

JIBU: Wa aleikum salaam, Mama. Nianze na mtoto, maana hesabu zinaweza kungoja lakini siku mbili za darasani hazirudi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, inakataza shule ya umma kumtoza mwanafunzi ada ya masomo. Michango mingine yaweza kutozwa, ila kwa idhini ya Waziri wa Elimu baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na hata ukishaidhinishwa mchango huo, mtoto hazuiwi kuingia darasani eti mzazi wake hajalipa. Kifungu hicho hicho hakiruhusu mtu kupokea pesa pasipo kutoa risiti rasmi. Kwa hiyo una maswali mawili ya kumwuliza mwalimu mkuu: barua ya idhini iko wapi, na kitabu cha risiti kiko wapi? Yaulize kwa upole, ukiwa na mzazi mwenzako kando yako, kisha uandike tarehe na jibu ulilopewa. Usiporidhika, nenda kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo ukiwa na karatasi hiyo mkononi.

Sasa hesabu. Chukua kalamu. Serikali kuu hutenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, na shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi. Huu ndio mgao ambao walimu wakuu wenyewe huuita kapitesheni. Wanafunzi 620 mara 1,420 ni shilingi 880,400. Wanafunzi 210 mara 15,042 ni shilingi 3,158,820. Watoto wa chekechea walio katika ua huo huo usiwahesabu, kwa sababu Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya chekechea, na fedha zake zinapita njia nyingine. Mgao huja kwa mafungu matatu, asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 muhula wa pili na 20 muhula wa tatu, na vitabu vya kiada hununuliwa na serikali kuu moja kwa moja. Hivyo usitarajie kuona jumla yote katika akaunti ya shule. Hata hivyo sasa unayo namba ya kulinganishia, na mzazi mwenye namba hajibiwi kama mzazi mwenye manung'uniko.

Kuhusu ile kauli kwamba hesabu ni za ofisi, Katiba katika ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza namna ya kuzipata. Ombi lako waweza kuliandika kwa Kiswahili. Sheria yenyewe imesema Kiingereza au Kiswahili. Hulazimiki kueleza unazitakia nini habari hizo. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, ila gharama ya kutoa nakala. Wao wana siku 21 za kukujibu, na wakikaa kimya, waweza kulalamika kwa tume ambayo wengi tunaijua kwa jina la Ombudsman. Barua yako isiwe ndefu: omba taarifa za benki za mihula mitatu iliyopita, bajeti iliyopitishwa na bodi, na orodha ya michango yote iliyopokewa kutoka kwa wazazi pamoja na matumizi yake.

Nisiseme upande mmoja tu. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, mgao ulikuwa shilingi 1,020 kwa mtoto. Hadi leo umeongezeka kwa shilingi 400 pekee. Ukigawanya 1,420 kwa siku zipatazo 180 za masomo, hupati hata shilingi 8 kwa siku, pesa ambayo hainunui hamri moja pale kivukoni. Chaki, umeme, maji, matengenezo ya vyoo, vyote vinalilia hamri hiyo, na mara nyingi fungu huchelewa. Ndiyo sababu mlinzi analipwa na wazazi, na ndiyo sababu mwalimu mkuu mwaminifu hujikuta akichangisha kinyume cha sheria. Tofauti yake na asiye mwaminifu ni kwamba wa kwanza ataonyesha karatasi.

SWALI: Nimechaguliwa na wazazi kuingia katika bodi ya shule yetu hapa Changamwe. Katika kikao cha kwanza tulipewa rundo la karatasi na kuombwa kutia sahihi kabla ya chai. Nilitia. Tangu hapo silali vizuri. Nifanye nini katika kikao kijacho? — Mjumbe mpya

JIBU: Ndugu yangu, usingizi huo nimewahi kuukosa. Nilikaa katika bodi ya shule moja, ambayo sitaitaja, na mwaka wangu wa kwanza nilipitisha malipo ya kupaka rangi madarasa manane. Niliporudi kuchukua mwavuli nilioacha, nikapita nyuma ya jengo: madarasa sita yalikuwa yamepakwa, mawili yana ukungu ule ule wa masika. Vocha ilikuwa safi, risiti ipo, sahihi yangu ipo. Sikuwa nimeibiwa na mtu mjanja sana. Niliibiwa na uvivu wangu wa kutotembea hatua 50 kabla ya kutia sahihi.

Bodi ya Usimamizi si kamati ya kupongeza. Sheria inaipa jukumu la kusimamia rasilimali za shule na la kupokea na kutolea hesabu fedha zote zinazoingia. Wajumbe sita huchaguliwa na wazazi, watatu huwakilisha mfadhili wa shule, mmoja hutoka kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti, mmoja kwa walimu, na wako wanaowakilisha makundi maalumu na watu wenye mahitaji maalumu. Mwalimu mkuu ni katibu. Maana yake ninyi wa wazazi ndio kundi kubwa kuliko yote mezani. Mkikubaliana kabla ya kikao kwamba hakuna karatasi itakayotiwa sahihi siku ile ile iliyoletwa, karatasi zitaanza kuja wiki moja mapema.

Katika kikao kijacho, kwenye yatokanayo, omba irekodiwe kwamba ulitia sahihi pasipo kupata nafasi ya kusoma, na kwamba unaomba nakala. Hilo si kumshitaki mtu, ni kusafisha kalamu yako. Kisha soma taarifa ya benki kwanza, kabla ya ripoti ya fedha, kwa sababu ripoti huandikwa na shule lakini taarifa huandikwa na benki. Tazama tarehe fedha zilipoingia, na tarehe malipo makubwa yalipotoka. Malipo matatu kwa mtu mmoja katika wiki moja, kila moja likiwa chini kidogo tu ya kiwango kinachohitaji zabuni, hayo yaulizie. Kotesheni tatu, yaani barua za bei kutoka kwa wauzaji, zenye mwandiko mmoja, nazo pia. Uliza vilevile walimu wangapi wanalipwa na bodi badala ya Tume ya Huduma kwa Walimu, wanalipwa kiasi gani, na kutoka mfuko gani, maana hapo ndipo michango mingi ya wazazi huishia, na mara nyingi kwa haki kabisa.

Jambo moja zaidi: idadi ya wanafunzi. Mgao hufuata majina yaliyosajiliwa katika mfumo wa wizara, ambao tangu mwaka 2017 tumeujua kama NEMIS, na mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa amekuwa akipata taabu kusajiliwa. Linganisha rejista za darasani na idadi iliyotumwa wizarani. Idadi ya wizarani ikiwa ndogo, shule inasomesha watoto ambao hailipiwi mgao wao, na kazi yenu ni kuwasaidia wazazi wapate vyeti. Ikiwa kubwa, ombeni maelezo ya maandishi.

SWALI: Dada yangu anaishi mji mdogo huko Marekani. Anasema wakazi huichagua bodi ya shule kwa kura, bajeti husomwa hadharani, na mkuu wa shule za eneo lao hufukuzwa akivuruga. Mbona sisi hatuna utaratibu huo? — Msomaji, Tudor

JIBU: Anachosema dada yako ni kweli, lakini amekupa nusu ya hadithi. Marekani ina wilaya za shule zipatazo 13,000, nyingi zikiwa ndogo, na sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na kodi ya nyumba na ardhi za mtaa husika. Mtaa wenye majumba ya thamani hupata shule ya thamani. Wazazi wa wilaya maskini ya Edgewood, San Antonio, walilipeleka jambo hilo mahakamani, na mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba utaratibu huo hauvunji katiba ya shirikisho. Hebu fikiria shule ya Likoni ingetegemea kodi ya nyumba za Likoni, na ya Nyali itegemee za Nyali. Kwetu mshahara wa mwalimu aliyeajiriwa na tume hutoka Nairobi, na shilingi 1,420 ni ile ile pande zote mbili za kivuko. Tusiutamani mfuko wao. Kinachofaa kutamaniwa ni ile bajeti kusomwa hadharani, na hilo bodi yoyote ya hapa inaweza kulifanya siku ya mkutano wa wazazi, bila kungoja sheria mpya.

SWALI: Shule ya mwanangu, Kisauni, husifiwa kwa matokeo. Mwanangu yuko gredi ya 4. Chuoni anasoma msahafu bila kusitasita, lakini gazeti la Kiswahili hawezi kumaliza aya moja. Je, kosa ni lake au la shule? — Baba mwenye wasiwasi

JIBU: Mtoto anayesoma msahafu ana macho, ana masikio na ana subira, kwa hiyo la kwanza tuliondoe. Si yeye. Inawezekana hajapewa muda wa kutosha wa kusoma herufi hizi nyingine kwa sauti, na mtu akimsikiliza.

Ama sifa za shule, chunguza zinatoka wapi. Sifa nyingi bado ni za enzi ya KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Tathmini ya gredi ya 6, KPSEA, ilianza mwaka 2022, na haimzuii mtoto yeyote kuingia gredi ya 7. Ile ya gredi ya 9 ilianza mwaka 2025, na katika kupangiwa sekondari ya juu ina uzito wa asilimia 60, huku KPSEA ikiwa na 20 na tathmini za shuleni 20. Shule ikikutajia wastani, uliza wastani wa watoto wangapi. Mwaka ule walioingia gredi ya 1 walikuwa wangapi, na waliofika gredi ya 6 ni wangapi? Nimeona wastani ukipanda kwa sababu wanyonge walishauriwa wahamie kwingine au warudie darasa, ilhali kifungu cha 35 cha sheria ile ile ya 2013 hakiruhusu mtoto kurudishwa darasa.

Lakini mwanao yuko gredi ya 4 na hahitaji kungoja mtihani wowote. Shirika la Uwezo lilianza kuwapima watoto majumbani mwaka 2009 kwa kipimo rahisi cha kiwango cha darasa la pili: herufi, maneno, aya, kisha hadithi fupi yenye maswali mawili. Nawe waweza kufanya hivyo barazani leo baada ya Alasiri. Chukua kitabu cha Kiswahili cha gredi ya 2, mpe aya moja, na uweke alama pale anapokwama. Rudia aya nyingine baada ya wiki mbili. Karatasi hiyo yenye alama mpelekee mwalimu wa darasa kabla ya mwalimu mkuu, kisha umwulize darasa lina watoto wangapi, vitabu vya Kiswahili vingapi, na mara ya mwisho mwanao kusoma kwa sauti mbele yake ilikuwa lini. Akikujibu kwamba watoto ni 70 na vitabu ni 30, mpe namba hizo mjumbe wa wazazi katika bodi, naye aziombee nafasi katika ajenda kabla bajeti ya muhula ujao haijapitishwa.