Barua 60, majibu mawili: nilivyopata postidoktora nikiwa Lubumbashi

Haipiti wiki bila simu: "Yaya, kuna bursi gani imefunguliwa?" (Wasomaji wa Dar na Mombasa, msicheke. Kwetu Lubumbashi yaya ni kaka au dada mkubwa, si mlezi wa watoto.) Anayeuliza amemaliza doktora mwaka jana au juzi, na anatafuta postidoktora (nafasi ya utafiti ya muda baada ya doktora) vilevile alivyotafuta bursi ya kwanza: anasubiri tangazo. Namwelewa, maana nami nilianza hivyo.

Mwaka ule baada ya kutetea tasnifu nilituma barua pepe 60. Majibu yalikuja mawili, na moja liliandikwa na mashine: profesa yuko likizo. Nikizisoma leo barua zile naona haya. Zote zinaanza kama tulivyozoeshwa kuandikia ofisi, "Nina heshima kubwa ya kuja mbele yako", mistari minne ya kupiga magoti, halafu CV ya kurasa 9, halafu "niko tayari kwa kazi yoyote ya utafiti". Sasa, mwenye maabara atamfanyia nini mtu wa kazi yoyote? Ana swali moja linalomnyima usingizi na fedha za miezi 18. Anatafuta anayelijua swali hilo.

Barua ya 61 ilikuwa na mistari 12. Tasnifu yangu ilihusu shaba na kobalti katika udongo wa bustani zilizo upande unakopeleka upepo moshi wa kiwanda. Hakuna mtu wa Lubumbashi asiyejua terili yetu, ule mlima wa masalia ya kuyeyusha madini, na bomba lile refu la moshi. Shaba ilianza kuyeyushwa pale mwaka 1911, na udongo haujasahau. Nilikuwa nimesoma makala ya mtafiti mmoja wa Ufaransa aliyekokotoa jinsi kobalti inavyotoka udongoni kuingia kwenye mboga, akitumia udongo ulioandaliwa maabara. Nikamwandikia hivi: hesabu yako nimeijaribu kwenye lengalenga (mchicha) za hapa kwetu kwa misimu miwili. Wakati wa kiangazi inakubali. Mvua zikianza Novemba inakataa, kobalti inapanda kuliko unavyotabiri. Nadhani udongo ukijaa maji, oksidi za manganizi zilizokuwa zimeishika kobalti zinayeyuka na kuiachia. Grafu ni hii. Ningependa kuja kulipima jambo hili kwako.

Alijibu baada ya siku mbili. Hakuwa ametangaza nafasi popote. Alikuwa na mradi uliobakiza fedha, na hakuwa na udongo wa kwetu Katanga.

Ndiyo maana siku hizi anayenipigia namuuliza kwanza: una nini ambacho wao hawana? Sisi tunaona aibu kwamba hatuna mashine, tukasahau kwamba tunakaa juu ya vitu ambavyo wenye mashine wanavililia. Wa Goma ana volkano ya Nyiragongo juu ya kichwa chake na methani ya ziwa Kivu miguuni. Wa Bukavu ana hifadhi ya Kahuzi-Biega na maporomoko ya udongo ndani ya mji wenyewe. Anayemsoma mtafiti fulani kwa makini, makala tatu au nne za karibuni, ataona pale anaposema "hili bado", na hapo ndipo pa kubisha hodi.

Hata ule ufadhili mkubwa unaoomba kwa jina lako unaanza na mtu. Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya, ambao kwa kawaida hufungwa Septemba, hauombwi bila mwenyeji, yaani mtafiti wa kukupokea. Uraia wowote unakubaliwa, na wazo lote linabanwa katika kurasa 10: ubora wa utafiti unachukua 50% ya alama, athari 30, utekelezaji 20. Wengi wetu tunamaliza nguvu zote kwenye sayansi na hiyo athari tunaiandika usiku wa mwisho.

Kanuni iliyoniuma mimi ni ya ukaazi. Katika miezi 36 kabla ya siku ya kufunga, usiwe umeishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12 katika nchi unayoomba kwenda. Doktora yangu ilikuwa ya pamoja, Kasapa (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) na Ubelgiji, miezi minne huko kila mwaka. Nne mara tatu ni 12, nikajua nimepona. Promota wangu wa kule, yaani msimamizi wa tasnifu, alikuwa tayari kunipokea. Nikakaa mezani na pasi, nikahesabu mihuri siku kwa siku, nikakuta mwaka wa pili ndege ilifutwa nikachelewa kurudi kwa wiki moja. Wiki moja! Ubelgiji ikafungika mwaka ule. Hesabu mihuri yako kabla hujaandika hata sentensi.

Taasisi ya Humboldt ya Ujerumani inapokea maombi mwaka mzima, ila doktora isiwe imepita miaka minne. JSPS, shirika la kukuza sayansi la Japani, inaruhusu sita. Afrika Kusini vyuo vingi vinalipa postidoktora kama bursi, si kama mshahara, kwa hiyo uliza bima ya afya ni ya nani. Kina dada waangalie pia OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, lililo Trieste, Italia. Na anayekuomba dola 50 za kufungua faili ni mwizi, hata kama nembo yake inang'aa.

Barua za mapendekezo zitakuchelewesha kuliko kitu kingine. Mkubwa mmoja aliniambia, "Andika mwenyewe, mwanangu, nitatia sahihi." Niliandika, na ilinuka mimi kutoka mstari wa kwanza. Siku hizi nawashauri wadogo wampelekee profesa ukurasa mmoja wa mambo ya kweli: kozi gani, mwaka gani, kosa gani la maabara ulilolirekebisha mbele yake. Atakuwa na la kusema. Mpe wiki sita, na umkumbushe kwa adabu kila wiki ya pili.

Mahojiano yangu yalikuwa kwa video, dakika 20. Dakika ya saba umeme ukakatika. Nilikuwa nimenunua mega za intaneti za kutosha na simu imejaa chaji, nikaendelea gizani, slaidi nimezituma tangu asubuhi. Walifikiri nimezima taa makusudi ili grafu zionekane vizuri.

Kama una nafasi ya kufundisha, omba kwa maandishi kusimama kazi kwa muda, na ubaki na nakala yenye muhuri. Halafu weka akiba. Nyumba kule inadai amana kabla hujalala, na mshahara wangu wa kwanza ulifika mwisho wa mwezi wa pili, kwa kuwa benki ilitaka anwani na mwenye nyumba alitaka akaunti. Wiki zile nilikula bukari (ugali) ya unga aliofunga mama kwenye sanduku, kilo nne, pamoja na bitoyo, samaki wa chumvi, ambazo jirani alinigongea mlango kuuliza ni nini kimekufa.