Kano Haitaki Kulazwa

Wiki iliyopita dada mmoja wa Goma, msusi wa nywele, aliniandikia kwamba kiwiko chake kinamuuma upande wa nje tangu mwaka jana, hata sufuria ya bugali hawezi kuinua, na pesa zimeishia kwenye sindano. Akauliza: "Yaya, wewe ulifanyaje?" Yangu yalikuwa ya kisigino, si ya kiwiko. Haidhuru, kano, ile kamba ngumu inayoshika msuli kwenye mfupa, ni kano.

Anayeijua Bukavu anajua tunavyoishi hapa. Mji umekaa kwenye miteremko juu ya Ziwa Kivu, na mtu wa Kadutu hafiki nyumbani bila kupanda. Mimi ni fundi, nashona kwa cherehani ya kukanyaga. Mguu wa kulia unafanya kazi mchana kutwa, na jioni unanipandisha kilima. Mwanzo yalikuwa maumivu ya asubuhi tu: hatua za kwanza nachechemea, mguu ukipata joto yanapotea. Halafu yakaacha kupotea. Vidole vitatu juu ya mfupa wa kisigino kukaota uvimbe mgumu, nikiuminya, machozi.

Shangazi akaniletea mkandaji kutoka Bagira, akanikanda kwa mawese mpaka majirani wakaja kuchungulia. Muuza dawa akanipa diklofenaki ya kutuliza maumivu, tumbo likaanza kuwaka. Kituo kimoja cha afya, sikitaji, kikanichoma kortizoni, dawa ya kushusha uvimbe, bila hata kuupima mguu kwa mkono. Nilitembea vizuri wiki kadhaa, nikaringa, kisha maumivu yakarudi na ndugu zake wote. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba sindano hiyo kwenye kano ya kisigino inaweza kuidhoofisha hata ikakatika.

Na kila mtu: pumzika, fundi. Nikapumzika. Cherehani ikafunikwa kitenge, nyumbani tukala kwa deni. Siku niliyorudi kukanyaga, maumivu yalikuwa yananisubiri palepale. Mama mmoja niliyemshonea tangu nguo ya harusi yake akahamia kwa fundi mwingine, akisema nimekuwa mvivu. Neno hilo bado linaniuma kuliko kisigino.

Aliyenisaidia ni kine mmoja kijana, yaani mtaalamu wa kutibu viungo kwa mazoezi. Alinieleza kwamba kano iliyougua muda mrefu tatizo lake kubwa si ule uvimbe wa siku za kwanza. Nyuzi zake za kolajeni, yaani protini inayoipa nguvu, zimevurugika, na kwa kuwa damu inaifikia kidogo, inajitengeneza taratibu sana. Kinachoifanya ijijenge upya ni kubebeshwa uzito kwa kipimo. Ukiilaza tu, inazidi kuwa dhaifu. Akanitajia daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson, ambaye mwaka 1998 alitoa matokeo ya wakimbiaji 15 wenye ugonjwa wangu huu: walishusha kisigino pole pole mara 15, mafungu matatu, goti likiwa limenyooka, kisha tena likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Wote walirudi kukimbia.

Nyumbani kwangu kuna ngazi za mawe. Nilisimama kwenye ile ya chini kabisa, nimeshika mwimo wa mlango, nusu ya mbele ya unyayo juu ya jiwe, kisigino kikining'inia. Napanda kwa miguu yote miwili, nahamishia uzito kwenye mguu mgonjwa, nashuka taratibu mpaka kisigino kipite ukingo wa jiwe. Kupanda tena, mguu mzima unasaidia. Watoto wa jirani walikuwa wakinihesabia kwa Kifaransa, wakiruka namba makusudi. Ilipokuwa rahisi, nikavaa mfuko wa mgongoni wenye bidoni mbili za maji za lita 5, yaani kilo 10.

Inauma, sidanganyi. Maumivu ya kuvumilika yanaruhusiwa. Kesho yake asubuhi mguu ukiwa mgumu kuliko jana, punguza. Na kama unaumwa palepale kwenye mfupa, fanyia sakafuni, usishushe kisigino chini ya usawa.

Dada wa Goma: laza mkono mezani, kiganja kikitazama chini na kuning'inia ukingoni, shika chupa ya maji. Inyanyue kwa msaada wa mkono wa pili, ishushe pole pole peke yake. Kila siku. Wateja wa rasta ndefu wapunguze kwanza, usiwafukuze.

Sasa nakanyaga tangu asubuhi hadi jioni. Yule mama amerudi. Nimempokea vizuri, bei nimempandishia.

Ndugu zangu, tunapenda mno kuchomwa. Mtu anatoa faranga zake kwa sindano, lakini kusimama kwenye ngazi ya bure dakika chache anaona aibu! Halafu kuna sipro. Hapa ukiumwa tumbo kidogo, farmasi wanakupa hiyo siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, bila karatasi ya daktari. Dawa za kundi hilo zinaweza kuumiza kano hata kuikata, hasa kwa waliopita miaka 60 na wanaotumia kortizoni. Marekani iliagiza onyo kali kwenye dawa hizo mwaka 2008. Mwambie daktari kano zako zinaumwa kabla hajakuandikia.

Na ukisikia "pa!" nyuma ya mguu, kama umepigwa jiwe, kisha ukashindwa kusimama kwa vidole, hiyo si ya ngazi wala ya kuniandikia mimi. Panda pikipiki, nenda hospitali siku hiyohiyo.