Nikeli iko juujuu, mbona hawachimbi?

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni bodaboda hapa Uvinza. Juzi nimembeba jamaa wa vipimo vya reli ya kwenda Musongati, Burundi, njia nzima ananipigia stori eti kuna kisiwa kinaitwa Isabel, Visiwa vya Solomon huko Pasifiki, nikeli iko juujuu unachota na koleo na hakuna anayechimba. Mali nje hivyo inaachwaje? Na huu udongo wetu mwekundu si ndo huohuo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hajakudanganya sana, ingawa kuna kampuni iliwahi kuchimba na kusafirisha udongo wa pale 2024, ila kakukatia stori katikati. Ile nikeli inaitwa ya lateraiti, yaani mwamba wenye magnesiamu nyingi umenyeshewa na kuchomwa na jua mamilioni ya miaka mpaka ukaoza, vingine vikasombwa na maji, nikeli ikabaki kwenye udongo, ila kidogo sana, kwenye kilo 100 unapata kilo moja au mbili hivi. Kuchota kweli rahisi, kazi ni kuitoa mle ndani, maana huwezi kuichekecha kama dhahabu, inabidi uuyeyushe udongo wote kwenye tanuru au uupike na tindikali ya salfa kwenye presha kubwa, joto kama la digrii 250, na mtambo huo ni mabilioni ya dola. Sasa umeme uutoe wapi kisiwani?

Halafu kuna ardhi. Solomon sehemu kubwa ni ya koo, sio ya serikali, huingii na karatasi ya waziri tu. Kampuni mbili, Sumitomo ya Japani na Axiom ya soko la hisa la Australia, ziliburuzana mahakamani miaka kibao kugombea nikeli ya hicho kisiwa, 2017 Wajapani wakafunga virago. Na siku hizi Indonesia peke yake inatoa zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia, bei imeshuka mpaka mtambo wa nikeli wa Koniambo kule New Caledonia, Pasifiki hukohuko, ukasimama 2024, mtambo uliokwisha jengwa kabisa! Nani ajenge mtambo mpya Isabel? Wavuvi wa pale sidhani wanalia, ukifyeka msitu mvua ile inashusha tope lote kwenye matumbawe.

Udongo wako sasa. Wekundu ni kutu ya chuma tu, upo mpaka Tabora, nikeli inategemea mwamba uliooza chini yake. Lateraiti yenye nikeli iko hukohuko Musongati, Burundi, ilijulikana tangu miaka ya 1970 na mpaka leo wanangoja usafiri, ndo maana abiria wako anapima reli. Kwa hiyo ule mfuko wa rambo uliojaza udongo ukaniachia hapa getini njoo uuchukue, mlinzi anaulalamikia.