Sukutua mafuta, lakini mswaki usiuache

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, jino langu limetoboka. Daktari anataka kuliziba. Nikisukutua mafuta ya nazi kila asubuhi, si litapona lenyewe?" Nikamjibu, halitapona. Akanuna. Eti mbona mimi ndiye niliyesifia mafuta hapa hapa? Nilisifia, na leo nasifia tena. Ila naona kuna watu husoma sifa wakaruka masharti.

Mimi mafuta sikuyajulia kwenye simu. Nimekulia Unguja mjini, ukuta mmoja na mama wa Kihindu ambaye kila alfajiri, kabla hajatia kitu tumboni, alikuwa akijaza mafuta ya ufuta mdomoni na kukaa kimya mashavu yakimcheza. Sisi watoto tukimpitia makusudi na kumsalimia ili tumchekeshe, naye anajibu kwa nyusi. Nilipokua akanieleza kuwa katika Ayurveda, tiba ya kwao, ziko njia mbili. Kavala ni kusukutua. Gandusha ni kujaza kinywa mpaka mafuta yasiwe na pa kwenda, ukatulia nayo tu. Vitabu vyao vya kale kama Charaka Samhita vinayataja haya, kwa hiyo anayekuuzia kichupa mtandaoni akidai ni uvumbuzi mpya, mcheke.

Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Wete, alikuwa na yake. Nazi akikuna mwenyewe, tui likalala usiku kucha, asubuhi anachota ule utando mzito wa juu na kuupika kwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge. Harufu yake ilifika njiani. Na kabatini hakikosi kichupa cha mafuta ya karafuu, yale ya Pemba, kwa ajili ya jino linalouma usiku.

Nilipopata mimba ya kwanza fizi zangu zikawa zinatoka damu kila nikipiga mswaki. Nikayarudia mafuta, ya nazi asubuhi, nikipiga mswaki baada yake. Wifi yangu mmoja alinikuta nasukutua, akasema mbele ya wageni, "Huyu sasa anakaanga meno." Watu wakacheka mpaka machozi. Mimi mwenyewe nilicheka, maana mdomo umejaa mafuta utasema nini? Lakini sijasahau, na najua anasoma hapa.

Nilipokwenda kusafishwa meno baada ya kujifungua, daktari akaniuliza natumia nini, maana ukoga ulikuwa mdogo na fizi zimekaza. Nikamweleza kwa madaha. Akatabasamu, akaniambia kwanza nijue kuwa fizi za mja mzito huvimba kwa sababu ya homoni, na nyingi hutulia zenyewe mtoto akishazaliwa. Halafu akasema mafuta yanasaidia kulegeza ukoga, na kwamba karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo bakteria hawaipendi. Lakini kazi kubwa ni ya mswaki na dawa ya meno yenye floridi. Sikufurahia kugawana sifa zangu na homoni, ila ndivyo ilivyo.

Sasa ndugu zangu, tusidanganyane. Jino likishatoboka halijizibi. Hakuna mafuta ya nazi, ya ufuta wala ya habasoda yatakayoota mahali pa jino. Mafuta ni ya kutunza kinywa kizima, na huyo aliyeniandikia angekuwa ameshaziba tundu lake kabla halijafika kwenye mshipa, akaondokana na habari ya kung'oa.

Namna yenyewe ni nyepesi. Kabla ya kula, tia kijiko kidogo cha mafuta mdomoni, sukutua polepole dakika kumi, ukizoea ishirini. Ukichoka mapema, tema. Usimeze, wala usigogomoe kooni, kwa sababu mafuta yakiingia njia ya hewa yanaweza kuleta nimonia. Ndiyo maana watoto wadogo hawamo. Tema kwenye karatasi utupe, usiteme kwenye sinki, hasa mlioko Njombe na Arusha ambako mafuta ya nazi huganda yakikutana na baridi. Kisha maji ya uvuguvugu, kisha mswaki. Narudia, kisha mswaki. Mkiyaona mafuta yametoka meupe, msishangilie kuwa mmetoa sumu ya mwili. Yamechanganyika na mate, basi.

Ya karafuu ni habari nyingine, na hapa naomba mnisikilize. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, kitu kile kile ambacho madaktari wa meno hukichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuzibia jino kwa muda. Kinatia ganzi kweli. Lakini ukiyapaka makali hivyo hivyo yanaunguza fizi. Tone moja ndani ya kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, chovya pamba, gusa jino linalouma tu, toa. Kichupa kiwe juu kabisa mbali na watoto, kwa sababu mtoto akiyanywa, hata kidogo, anaweza kupata degedege na ini likaharibika. Na maumivu yakinyamaza usidhani ugonjwa umeondoka. Ukiona shavu limevimba au homa imepanda, acha pamba, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Walioniuliza kuhusu Ramadhani: mimi huhamishia usiku, baada ya futari kushuka. Mchana ukimeza tone umeshaingia kwenye masuala ya masheikh, na huko mimi simo.